Mali kwa Daftari: Ndoto ya Taa Mtaani Kiamaiko

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hufasiriwa kuwa ni wosia kwa wafanyabiashara: anayeuza na kununua pasi na kuandika hujikuta mikono mitupu asijue fedha zilipita wapi. Hata hivyo, yamkini methali hii ina mawanda mapana zaidi ya duka na soko. Yapo mambo ambayo binadamu huyatamani kwa moyo wote, na ambayo daftari pekee ndilo liwezalo kumwonyesha kama ni mapenzi au ni uchu tu. Katika mtaa wa Kiamaiko, upande wa mashariki mwa jiji la Nairobi, yupo fundi mmoja wa vioo ambaye kwa muda wa miaka miwili amekuwa akiandika katika daftari la kurasa 96, lile linalotumiwa na watoto wa shule, hesabu ya samaki ambaye majirani zake hawajapata kumwona. Samaki huyo ni taa wa mito ya Amerika ya Kusini.

Msomaji asiyeijua Kiamaiko huenda asione ajabu iliyopo. Mtaa huu, ambao siku hizi ni wadi katika eneo bunge la Mathare, unapakana na Huruma na unasifika kote jijini kwa biashara ya mbuzi. Malori huwasili yakiwa yamesheheni mifugo kutoka Marsabit, Moyale, Isiolo na sehemu nyingine za kaskazini. Alfajiri husikika milio ya mbuzi. Kufikia adhuhuri nyama imekwisha kusambazwa katika hoteli na bucha za Nairobi. Vyumba vingi vya kupanga ni vya futi kumi kwa kumi. Maji huja kwa zamu, na zamu ikikosa, mitungi ya manjano ya lita 20 hupangwa foleni. Katika mandhari kama haya, mtu anayetaka kununua maji ili samaki wa mapambo aogelee atachekwa kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza. Fundi alichekwa. Lakini aliendelea kuandika.

Chanzo cha shauku yake si kitendawili. Kama vijana wengi wa Eastlands, aliwahi kwenda Dubai kwa mkataba wa kazi ya ulinzi. Katika jengo la Dubai Mall kuna tangi la samaki lililofunguliwa mwaka wa 2008, lenye lita milioni 10 za maji. Siku zake za mapumziko alikuwa akisimama mbele ya kioo kile bila kulipa chochote, akiwatazama taa wa baharini wakipita juu ya vichwa vya watu kama mikeka inayopeperushwa na upepo. Wenzake walitazama samaki. Yeye, kwa kuwa ni fundi, alitazama pia kioo, unene wake na viungo vyake. Aliporejea nyumbani na kufungua kibanda chake cha kukatia vioo vya madirisha, alikuwa na akiba ya shilingi 260,000 katika chama, na wazo moja ambalo halikumtoka.

Taa wa baharini hawezi kufugwa Nairobi bila maji ya chumvi. Ndipo fundi alipogundua kwamba katika mito ya Amazon, Orinoco na Parana wapo taa ambao mababu zao waliihama bahari mamilioni ya miaka iliyopita, wakayazoea maji yasiyo na chumvi hata miili yao ikapoteza uwezo wa kuishi baharini tena. Anayefahamika zaidi miongoni mwa wafugaji ni yule anayeitwa kitaalamu Potamotrygon motoro, mwenye rangi ya kahawia na madoa ya manjano yaliyozungushiwa weusi. Hazai mayai bali watoto hai. Hujifukia mchangani na kuvuta maji kupitia matundu yaliyo nyuma ya macho yake. Mkiani ana mwiba wenye sumu, ambao ukikatika humea mwingine.

Hapa lugha yenyewe inaleta mzaha wake. Waswahili huwaita samaki wa mito na maziwa samaki wa maji baridi, kwa maana kwamba maji hayo hayana chumvi. Basi taa huyu ni wa maji baridi asiyeweza kuvumilia maji baridi! Anahitaji joto la nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi mchana na usiku, ilhali Nairobi imekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai yake humfanya hata binadamu atafute sweta. Neno moja likisomwa vibaya, samaki atakufa. Pengine hii ndiyo sababu fundi aliamua kuandika kila kitu kwa tarakimu badala ya maneno.

Ukurasa wa kwanza wa hesabu unahusu ukubwa. Taa si samaki wa kupanda na kushuka. Ni samaki wa sakafu. Kinachohesabika kwake ni upana wa chini, wala si kimo cha maji. Mwili wake ambao ni duara kama sinia huweza kufikia takriban nusu mita, na tangi lisilompa nafasi ya kugeuka humkunja na kumlemaza. Kwa hivyo fundi alichora tangi la sentimita 240 kwa 120, lenye kimo cha 60, na maji ya kina cha sentimita 50. Tangi hilo litachukua lita 1,440. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, litameza karibu thuluthi moja ya sakafu. Fundi ana vyumba viwili kwenye ghorofa ya tatu, na familia ya watu watano.

Ukurasa wa pili ni wa uzito, na ndio uliomnyima usingizi. Lita moja ya maji ina kilo moja. Maji pekee yana kilo 1,440. Kioo cha milimita 12, kwa mita za mraba 7.2, kina zaidi ya kilo 200. Tangi dogo la kuchujia maji, mchanga na meza ya chuma vikijumlishwa, mzigo unapita tani mbili. Ukigawanywa kwa eneo la tangi, kila mita ya mraba ya sakafu itabeba zaidi ya kilo 750. Wahandisi huzikadiria sakafu za nyumba za makazi kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni mara tano! Tena makadirio hayo ni ya jengo lililosimamiwa na mhandisi, lenye nondo na saruji ya kutosha.

Wakazi wa sehemu hizi hawahitaji kuelezwa maana ya tarakimu hizo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, karibu na mto, likawaua takriban watu 50. Waokoaji walichimba vifusi kwa siku kadhaa. Tangu hapo, mpangaji wa Huruma au Kiamaiko anapoingia nyumba mpya hutazama kwanza nyufa za ukuta. Fundi alipoziweka tani zake mbili juu ya vichwa vya majirani wa ghorofa ya pili, hata kwa penseli tu, aliona haya. Akaandika chini ya hesabu hiyo: Si ghorofani.

Je, chini? Chumba cha chini hakina hatari ya kuporomosha sakafu, lakini kina hatari nyingine. Aprili mwaka wa 2024, Mto Mathare ulifurika ukaingia majumbani na kuua watu. Serikali ikaamuru waliojenga kandokando ya mito wahame, na nyumba nyingi zikabomolewa. Tangi la chini lililo karibu na mto linaweza kuzamishwa na maji machafu kwa usiku mmoja. Basi juu kuna uzito na chini kuna gharika. Mpangaji wa jiji hujua tatizo hili hata asiyefuga samaki.

Ukurasa wa tatu ni wa maji. Taa hula sana na kuchafua sana. Kinyesi chake huzalisha amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wema waliomo kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hawa huhitaji wiki nne hadi sita kustawi kabla ya samaki kutiwa. Nitrati nayo hurundikana, na dawa yake ni kubadilisha maji. Fundi alikadiria asilimia 40 kila wiki, yaani lita 576, au mitungi 29. Maji ya mfereji yana klorini, hivyo sharti yatibiwe au yahifadhiwe kwanza kwenye tangi la plastiki na kupulizwa hewa.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo wengi wasingefanya. Aliandika, kando ya maji ya samaki, maji ya familia yake. Mkewe, watoto watatu na yeye mwenyewe hutumia mitungi mitano kwa siku kwa kupika, kunywa, kufua na kuoga: mitungi 35 kwa wiki. Taa wawili wangetumia 29. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini kaunti ya Murang'a, na mvua zikikosekana huko, mgao huanza huku. Katika wiki ya mgao, nani atateka maji kwanza? Swali hili halikuwa la kihisabati tena.

Alijitahidi kulijibu. Maji yanayotolewa tangini yana rutuba. Yanaweza kumwagiliwa sukuma wiki zilizopandwa katika magunia, na yanafaa pia kwa choo. Maji hayo basi yangetumika mara mbili. Hata hivyo, mtungi unaonunuliwa leo hulipwa leo, hata kama utamwagilia sukuma kesho.

Ukurasa wa nne ni wa umeme. Kuyapandisha maji lita 1,440 kutoka nyuzi 18 hadi 26 kunahitaji takriban uniti 13 kwa mara ya kwanza. Kuyadumisha huko ndiko kwenye gharama. Alikadiria kipashajoto cha wati 600 kitakachowaka nusu ya siku, na pampu ya wati 60 isiyozimwa kamwe. Jumla ni kama uniti 259 kwa mwezi. Kwa shilingi 30 kwa uniti, tokeni za samaki zingefika takriban shilingi 7,800. Kipashajoto chenyewe lazima kizungushiwe kinga, kwani taa hulala juu yake akaungua. Juu ya hayo kuna kukatika kwa umeme. Tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ya Kenya ilitumbukia gizani kwa saa nyingi. Pampu ikisimama, hewa huisha majini, bakteria hufa, na sumu hurejea. Hivyo betri si anasa, ni sehemu ya tangi.

Ukurasa wa tano ni wa chakula, na una kejeli yake. Katika mtaa unaochinja mbuzi kila siku, ambapo matumbo na mabaki hupatikana kwa bei nafuu, taa huyu hafai kulishwa nyama ya mbuzi. Mafuta ya wanyama wa aina hiyo hayamfai samaki, na wafugaji waangalifu huyaepuka. Yeye ataka nyungunyungu, kamba na minofu ya samaki. Kwa gramu 300 kwa siku, fundi alikadiria shilingi 5,400 kwa mwezi.

Kisha akajumlisha. Za kuanzia: kioo, shilingi 57,600, silikoni na sponji za chujio, 6,400, meza ya chuma, 25,000, pampu na tangi la kuchujia, 45,000, vipashajoto na kinga zake, 18,000, betri na kigeuza umeme, 60,000, tangi la kuhifadhia maji, 10,000. Jumla ni shilingi 222,000. Za kila mwezi: umeme 7,800, chakula 5,400, maji 1,250 kwa bei ya shilingi 10 kwa mtungi, bei inayoweza kupanda maradufu wakati wa mgao. Jumla ni shilingi 14,450, yaani zaidi ya 173,000 kwa mwaka. Mstari wa kununulia samaki wenyewe ameuacha wazi hadi leo. Katika hesabu yote hii, bei ya samaki ndiyo iliyokuwa na umuhimu mdogo kabisa.

Mkewe alilisoma daftari hilo jioni moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakucheka, wala hakugomba. Aliuliza jambo moja tu: "Baba watoto, Gredi ya 10 umeiandika ukurasa gani?" Kifungua mimba wao alikuwa katika kundi la kwanza la wanafunzi waliotarajiwa kuingia shule ya upili ya juu Januari mwaka wa 2026 chini ya mtaala mpya. Karo, sare, godoro na sanduku havikuwa katika daftari. Fundi alinyamaza, akafungua ukurasa mpya, akaviandika.

Mtu wa pili kuulizwa alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa mbuzi, mwenyeji wa kaskazini, ambaye vioo vya duka lake vilikatwa na fundi huyu. Mzee alilelewa miongoni mwa mifugo, na aliuona ukame wa mwaka wa 2020 hadi 2023, ambao uliangamiza zaidi ya mifugo milioni mbili nchini Kenya. Alisikiliza habari za taa kwa makini, kana kwamba anaelezwa juu ya ngamia wa aina mpya. Kisha akasema, "Kijana wangu, mnyama hanunuliwi kwa pesa za sokoni. Mnyama hununuliwa kwa maji ya kiangazi. Kama huna maji ya kiangazi, huyo si wako, umemwazima tu."

Kauli ya mzee yafaa kutafakariwa na kila mtu mwenye kufuga, awe na ng'ombe Marsabit au samaki sebuleni. Bei ya sokoni hulipwa mara moja, na mwenye tamaa hawezi kuona zaidi yake. Maji ya kiangazi hulipwa kila siku, hasa siku ambayo mfugaji mwenyewe hana. Wengi wa samaki wanaokufa katika matangi ya majumbani hufa kwa sababu hesabu ilikomea dukani.

Liko pia suala la sheria na la mazingira. Sheria ya Kenya ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka wa 2016 inadai kibali kwa anayetaka kuingiza samaki hai kutoka nje. Mwaka wa 2022, mkutano wa nchi wanachama wa CITES mjini Panama uliziweka spishi saba za taa hawa wa mitoni katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa hudhibitiwa. Vikwazo hivi si usumbufu wa makarani. Afrika Mashariki imeonja uchungu wa viumbe wageni: sangara alipotiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, aina nyingi za furu zilitoweka baadaye, gugu maji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, liliziba fukwe za ziwa hilohilo, na kamba wa Marekani waliletwa Naivasha mwaka wa 1970. Mfugaji aliyeshindwa na gharama hushawishika kumwaga samaki mtoni. Mto Mathare huingia Mto Nairobi, nao ukaelekea Athi, Galana na Sabaki hadi bahari ya Hindi. Kutupa ni rahisi, kurudisha haiwezekani.

Baada ya haya yote, msomaji anaweza kuhitimisha kwamba ndoto ya fundi ilikuwa upuuzi tangu mwanzo, na kwamba maskini hana haki ya kutamani uzuri usio na faida. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Hakuna aliyewauliza matajiri wa mitaa ya kifahari maji ya mabwawa yao ya kuogelea yanatoka wapi. Aliyezaliwa katika chumba cha futi kumi ana macho kama ya mwingine yeyote, na macho hayo yaliona taa akipepea majini. Kumwambia asitamani ni kumpunguzia utu. Tofauti ya kweli iko kati ya atamaniye kwa hesabu na atamaniye bila hesabu, awe maskini au tajiri. Fundi huyu, kwa kuupima uzito juu ya kichwa cha jirani, maji kando ya maji ya mwanawe, na joto la usiku wa Julai kwa niaba ya kiumbe asiyeweza kulalamika, alikuwa amekwisha kumtunza taa kabla ya kuwa naye. Mtaa wa pili kutoka kwake huitwa Huruma, na hesabu za namna hii zinastahili kuitwa kwa jina hilo.

Uamuzi alioufikia ni huu. Fedha za chama zitatangulia kwa karo. Kwenye sakafu ya saruji ya kibanda chake, mbali na ukingo wa mto, ataunda tangi la sentimita 120 kwa 45, lenye maji ya kina cha sentimita 40: lita 216, mitungi isiyozidi 11. Atatia samaki wa dhahabu wachache, ambao hustahimili baridi ya Nairobi bila kipashajoto. Bintiye wa pili, apendaye sayansi, amepewa jukumu la kupima amonia na kuandika. Kwa mwaka mzima hawatanunua kiumbe kingine. Watajifunza kama wanaweza kuwavusha hawa katika mgao wa maji na giza la umeme. Kioo amekikata tayari kutokana na mabaki ya kazi ya madirisha.

Ukurasa wa taa haukuchanwa. Juu yake fundi ameandika, kwa wino badala ya penseli, sharti moja: mwaka mmoja wa kiangazi na mgao, bila samaki hata mmoja kufa kwa uzembe. Chini yake ameongeza jingine lililopendekezwa na mkewe: nyumba yao wenyewe, ya chini, mahali ambapo mto haufiki. Huenda masharti hayo yasitimie katika miaka kumi ijayo, na huenda yasitimie kabisa. Ama kwa hakika, daftari haliahidi kwamba mali itapatikana. Linaahidi tu kwamba haitapotea bila habari, na kwamba hakuna kiumbe, wala wa mtoni wala wa chumba cha chini, atakayeilipa gharama ya ndoto ya mwingine pasi na kuulizwa.